Nilicheza Pool kwa Ng'ombe wa Dada Yangu

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine. Mume wa dada yangu ana makosa yake, na yule mfanyabiashara wa Nyamira ana yake, lakini haya ninayokuandikia ni yangu. Jina langu niache nisilitaje, maana hapa Kisii watu wanajuana.

Nimekaa na neno hili kwa miaka. Nilidhani siku nikilianza nitalia. Sasa nimelianza na silii, mkono unaandika tu. Usidhani sina uchungu. Nadhani uchungu ulichoka kunisubiri.

Miaka ya kwanza ya uhuru nilipata kazi kwenye klabu moja hapa mjini, ambayo zamani ilikuwa ya Wazungu peke yao. Sasa walikuwa wanaingia makarani wakubwa, walimu wakuu na wenye maduka. Ndani kulikuwa na meza ya pool, na kazi yangu iliitwa maka. Maka ndiye anayepiga brashi kitambaa cha meza, anapanga mipira, anatunza fimbo zisipinde na kuhesabu pointi. Na mwanachama akija peke yake, hana wa kucheza naye, maka anacheza naye.

Hapo ndipo palikuwa na ufundi wenyewe. Maka mzuri hashindi. Mwanachama amelipa ada yake, ametoka ofisini amechoka, hataki kupigwa na mtu anayefagia sakafu. Kwa hiyo unampeleka polepole. Unaingiza mipira migumu, anaona kweli ana mpinzani, halafu mwishoni unakosa mmoja, padogo sana. Unatikisa kichwa na kuipaka fimbo chaki kwa hasira. Yeye anaingiza mpira mweusi, ule wa kumaliza mchezo, anacheka, anakununulia soda na kukuachia kitu kidogo. Ukikosa vibaya atajua umemdanganya. Ukikosa vizuri, kesho atarudi.

Mimi nilikuwa nakosa vizuri kuliko maka yeyote. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ndiyo sifa iliyonimaliza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, msimamizi wa klabu, mtu wa upande wa ziwani, mpole lakini hana mchezo. Siku ya kwanza aliniita pembeni ya meza.

“Sikiliza, kijana. Wanachama wakiwekeana pesa, wewe hesabu pointi tu. Wewe usiweke hata senti. Si hapa, si kwingine.”

“Hata kwa baa za nje, mzee?”

“Hata kwa ndoto. Maka akianza kubeti, mkono unaacha kusikia kichwa, unaanza kusikia tumbo. Hiyo si kazi tena.”

Nikasema ndiyo mzee. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa nikueleze jambo la nyumbani, kwa sababu bila hilo hutaona uzito wa kosa langu. Kwetu Abagusii mvulana hupangiwa dada. Dada huyo akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huwekwa kwa ajili ya ndugu yake, naye huoa kwa hao. Wangu ni Kemunto, anayenifuata kwa kuzaliwa. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo. Kemunto aliolewa na mwenye duka wa Nyamache, wakaletwa ng'ombe wanane, wakakaa katika zizi la mama, kijijini, upande wa Nyamira. Mama alikuwa akinitania, “Mheshimu huyu msichana. Mke wako atatoka mgongoni kwake.”

Lakini ng'ombe hao wana kazi nyingine ambayo vijana hatupendi kuifikiria. Ndio mlango wa dada kurudi nyumbani. Ndoa ikimshinda na hajapata mtoto, mume anarudishiwa ng'ombe wake na mwanamke yuko huru. Kama ng'ombe hawapo, atabaki huko huko. Nilijua hivyo tangu utotoni, hakuna aliyenificha.

Nilikuwa na mchumba wakati huo, na baba yake alisema wanane hawatoshi, niongeze wawili. Mshahara wa maka hauwezi kununua ng'ombe. Ndipo nikaanza kwenda Nyamira Jumapili mchana, baada ya kanisa, kwenye baa moja ambayo mwenyewe alikuwa ameleta meza ya pool. Nilijiambia naenda kunyoosha mkono tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kushindwa kwa adabu. Wiki nzima nashindwa ili watu wafurahi, nilitaka mahali pamoja duniani ambapo naweza kushinda mtu nikamwona uso.

Na nikampata. Aliitwa Nyaundi, mfanyabiashara wa mahindi, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa akiniita mwalimu.

“Mwalimu, leo nifundishe tena,” angesema, huku anaweka shilingi zake kwenye ukingo wa meza.

Nilimfundisha. Jumapili baada ya Jumapili nilimshinda, lakini si kwa urahisi. Aliingiza mipira migumu, mpaka nikaanza kutokwa na jasho, halafu mwishoni anakosa mmoja. Padogo sana. Alitikisa kichwa akaguna, “Aii, mwalimu, wewe ni mtu mwingine.” Watu kwenye baa walinipigia makofi. Nilirudi mjini nikiwa mrefu.

Jamani! Mimi ambaye nilikula kwa kukosa mpira wa mwisho, niliangalia mtu akikosa mpira wa mwisho mbele yangu na sikuona chochote. Kinyozi amenyolewa kwenye kiti chake mwenyewe.

Ilipofika majira ya chai nyingi, watu wana pesa, Nyaundi akasema mbele ya wote, “Shilingi hizi ni za watoto. Mwalimu, mimi nina ng'ombe. Wewe pia si una ng'ombe nyumbani?”

Ningesema si wangu. Ningesema ni wa dada yangu, na mama yangu anawakamua. Watu walikuwa wananiangalia. Nikasema, “Ninao.”

Mchezo wa kwanza wa ng'ombe nilishinda. Akanipa ndama jike, nikamfunga nyuma ya baa, nikamwona mchumba wangu tayari yuko jikoni kwangu. Mchezo wa pili alichukua ndama wake na mwingine juu. Wa tatu nikasema narudisha yule mmoja halafu naacha. Sitakusimulia yote. Jumapili ile na iliyofuata zilitosha kuwamaliza wote wanane. Alicheza bila haraka, mipira ikaingia mmoja mmoja, na mimi mkono wangu ulikuwa unasikia tumbo, kama nilivyoambiwa.

Alipoingiza mweusi wa mwisho, Nyaundi alichukua brashi akaanza kusafisha meza. Alianza kichwani, akateremka mstari mnyoofu, hakurudi nyuma. Hakuna mlevi wa baa anayesafisha meza namna hiyo. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

“Nilikuwa maka huko Kericho,” akasema, bila kiburi. “Klabu ya wazungu wa chai. Miaka mingi kabla ya wewe. Utaleta ng'ombe lini, mwalimu?”

Nikampelekea. Nilifika nyumbani asubuhi nikamwambia mama kwamba nyasi zimekwisha, na nimesikia kuna ugonjwa wa miguu unatembea katika mifugo, heri ng'ombe wakae kwa rafiki yangu kule Nyacheki mpaka mambo yatulie. Ni kawaida kwetu kumwekea mtu ng'ombe, mama hakushangaa. Aliuliza neno moja tu.

“Huyo rafiki yako ni mtu wa Mungu, momura one, mwanangu?”

“Ni mtu wa Mungu, mama.”

Akanifungia mahindi ya kuchoma kwenye jani la mgomba nile njiani. Nikaswaga ng'ombe mpaka nikapita kona, nikageuza kuelekea kwa Nyaundi. Mahindi nilikula. Watu hudhani mwenye dhambi hana hamu ya kula, mimi nilikula yote.

Klabuni habari zilifika kabla yangu. Mzee Odhiambo hakunipigia kelele. Aliniomba ufunguo wa kabati la fimbo, akaupokea, akaniambia niende salama. Mchumba wangu aliolewa na mtu mwingine mwaka huo huo. Nilifanya vibarua sokoni, nikipakia ndizi kwenye malori. Mambo hayo mawili yaliniuma, lakini ni maumivu ya kawaida, mtu anaweza kuyabeba. Lililokuja baadaye ndilo nimeshindwa kuliweka chini.

Kemunto alirudi nyumbani. Alikuja kwa miguu kutoka Nyamache, jicho moja limefungwa na mkono ameushika kifuani. Mumewe alikuwa anampiga kwa sababu hazai. Mama alimwosha, akampikia uji wa wimbi, akamwambia hatarudi tena huko. Nilikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, akanitania hata katika hali ile.

“Ndugu yangu, ng'ombe zangu bado hujaoa nazo? Umefanya vizuri. Mungu alijua nitazihitaji.”

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka naye.

Mume akaja na wazee wake. Walikaa uani kwa mama, upande huu sisi na baba mdogo, upande ule wao. Viti tuliazima kanisani. Walisalimiana kwa heshima, wakanywa chai, halafu mume akasimama.

“Mimi sina maneno mengi,” alisema. “Mkimtaka, mkae naye. Nirudishieni ng'ombe zangu. Nikiziona leo, naondoka nazo na hatudaiani.”

Mzee wao mmoja akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa rahisi hivyo. Nimehudhuria mabaraza mengi tangu siku hiyo na sijaona jambo zito likiwekwa kwa urahisi kama lile.

Mama akajibu kabla ya baba mdogo, na si desturi mwanamke kutangulia. “Chiombe, ng'ombe zenu, zipo zote. Ziko Nyacheki kwa rafiki wa mtoto wangu. Yeye ataenda kuzileta.”

Wote wakaniangalia. Kemunto pia, amesimama mlangoni na kitambaa kichwani. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshaanza kupumua.

Nilisimama. Mpaka leo sijui nilikuwa nataka kusema nini nilipoinuka. Nilichosikia mdomo wangu ukisema ni kwamba ndoa ni uvumilivu. Nilisema hakuna nyumba isiyo na moshi. Nilisema tusifundishe wasichana wetu kukimbia kila wanapoguswa, na kwamba watoto huletwa na Mungu kwa wakati wake, na mume naye aahidi mbele ya wazee kupunguza mkono. Nilisema vizuri sana. Nilipanga maneno kama nilivyokuwa napanga mipira. Wazee wa upande ule walisema huyu kijana ana akili. Mume akasema yuko tayari kuahidi. Na baba mdogo, ambaye alinitegemea kwa sababu nimeishi mjini, akasema kama ndugu wa msichana mwenyewe anaona hivyo, yeye ni nani apinge.

Mama alikuwa ananiangalia tu. Nadhani alielewa saa ile. Lakini kuniumbua mbele ya wakwe ni kuangusha boma lake mwenyewe, akanyamaza.

Kemunto aliniuliza kutoka mlangoni, “Ni wewe unasema hivyo?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Aliingia ndani, akachukua kikapu chake, akatoka, akawafuata. Niliwaona wakishuka mteremko kwenye migomba mpaka nguo yake ikapotea. Sikusikia chochote moyoni. Nilianza kurudisha viti kanisani.

Mama hakuwahi kuniuliza habari za Nyacheki. Alifariki miaka kadhaa baadaye. Baada ya mazishi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia baba mdogo ukweli wote, meza, Nyaundi na ng'ombe. Nilitegemea anipige. Akasema, “Na kwa nini hukusema siku ile?”

“Niliona aibu.”

“Aibu. Mtoto wa ndugu yangu, ungesema, tungekutukana mpaka jioni, halafu tungechanga. Mimi ningetoa mmoja. Mjomba wako angetoa. Ukoo mzima huu, ng'ombe wanane tungekosa? Ni kitu gani kingine ukoo unafanya?”

Soma hapo tena, ndugu. Sikumuuza dada yangu kwenye meza ya pool. Kwenye meza nilipoteza ng'ombe, na ng'ombe wanachangwa. Nilimuuza uani kwa mama, mchana kweupe, nikiwa sijanywa hata tone, ili nisionekane mjinga mbele ya watu.

Nilianza kununua ng'ombe. Nilibeba ndizi, nilichuma majani ya chai ya watu kule Nyacheki (naam, hatimaye nilifika Nyacheki), nikapata ndama mmoja, akakua, nikapata mwingine. Vijana wenzangu walijenga nyumba za bati, walioa, walizaa. Walinicheka kwamba nataka kuoa binti wa chifu. Niliacha wacheke. Sikushika fimbo ya pool tena hata ya kumwonyesha mtu.

Walipotimia wanane, niliwaswaga mimi mwenyewe mpaka Nyamache. Nilifika kabla ya adhuhuri. Mume alikuwa ameenda Kisii kuchukua mali ya duka. Kemunto alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo, bado hajazaa, ana mvi za mbele, na jicho lile la zamani halifunguki vizuri. Alitoka nje akawaangalia ng'ombe, akampapasa mmoja shingoni.

“Ni za nini?”

Nikamweleza. Nilimwambia yote, tangu Mzee Odhiambo, sikuacha kitu. Nikamwambia hawa ndio wake, nitakaa hapo hapo mpaka mume arudi, nimkabidhi, twende nyumbani jioni hiyo hiyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mteja alikuja kutaka kiberiti, akamhudumia, akarudi.

“Nilijua,” alisema. “Siku ulipoongea vizuri vile, nilijua ng'ombe hazipo.”

“Basi twende, Kemunto.”

“Niende wapi? Mama hayuko.”

“Nyumbani. Kwangu.”

Akatabasamu, na hapo ndipo ningepaswa kulia, lakini hata hapo sikulia.

“Ndugu yangu, huyu wa hapa ananipiga. Siku hizi si sana, amezeeka mkono. Lakini huyu sikuwahi kumtegemea. Akinipiga, amenipiga tu. Wewe nilikuwa nakutegemea. Kwako nitalala vipi?”

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akaniletea chai na mkate, nikala nimesimama, maana ng'ombe walikuwa wanataka kuingia kwenye mboga za sukuma za watu. Halafu akaniambia niwaondoe barabarani kabla askari wa soko hajafika.

“Oa nazo,” alisema. “Si ndiyo kazi yao.”

Niliwarudisha. Wako zizini kwa mama mpaka sasa, wamezaana. Sijaoa nao. Siwezi kuuza hata mmoja. Nawakamua, nauza maziwa, nanunua dawa ya kupe ya kuwaogesha. Watu husema nimetajirika.

Sasa naona meza za pool zimefika kila mahali, hata kwenye vituo vidogo vya chai, na vijana wenye mkono mzuri wanaambiwa huo ni ufundi unaoweza kumlisha mtu. Ni kweli, mimi ulinilisha. Kijana, ukiwa na mkono, fanya nao kazi, na kazi ina mipaka yake, heshimu mipaka hiyo hata ukiwa Nyamira ambako msimamizi wako hakuoni. Kabla hujasema “ninao” mbele ya watu, jiulize ni nani atakayelipa ambaye hayuko kwenye chumba hicho. Na mpinzani akikosa mpira wa mwisho kila Jumapili, chukua koti lako uende nyumbani.

Na kama umeshapoteza, sema. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya wajomba na wakwe, utukanwe, uitwe mbwa. Matusi yana mwisho wake. Mimi niliyakwepa, nimeishi miaka hii yote bila mtu wa kunitukana.

Kila siku ya soko naenda Nyamache. Napita dukani kwao, nanunua chumvi, hata kama nyumbani ipo. Dada yangu ananipimia, ananihesabia chenji mkononi, ananiuliza mvua imenyesha kwetu. Namwambia imenyesha. Kisha anamwangalia mteja aliye nyuma yangu.